Bakapu tatu na bado video ilikufa: niliyowaambia wapiga picha kuhusu vipande vya akiba

Wengi mliokuwepo siku ile mmeniomba niandike yale niliyoongea kuhusu kulinda mafaili yasiharibike kimya kimya, tulipokutana wapiga picha, wahariri wa video na wenye studio, basi nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nilichoongeza ni yale mahesabu niliyokuwa naandika ubaoni maana kuna waliokaa nyuma walisema hawakuyaona, na pale nilipowaonyesha kitu au mkaniuliza swali nimesimulia ilivyokuwa.

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu habari za kazi. Najua leo Jumatatu, wengi mmetoka kushuti Jumamosi na Jumapili hamjalala vizuri na memori kadi bado ziko kwenye mabegi hazijahamishwa, kwa hiyo nashukuru sana mmekuja.

Mwaka 2014 nilishuti send-off ya dada mmoja. Kazi ya kawaida tu, kamera mbili, ukumbi, keki, ndafu, wazee wanatoa nasaha. Nikaediti, nikamkabidhi DVD yake, akafurahi, tukamalizana. Mwaka 2021 akanipigia simu, baba yake amefariki na DVD yake ilishapotea siku nyingi kwenye kuhama nyumba, anaomba ile sehemu baba aliposimama kumpa nasaha, familia inataka kuiangalia siku ya arobaini. Nikamwambia dada yangu usiwe na wasiwasi kabisa, kazi zangu zote naweka kopi tatu. Na ilikuwa kweli, kopi tatu zilikuwepo.

Nikafungua ekstano ya kwanza, yaani ile diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta. Video inacheza vizuri kabisa mpaka mzee anainuka, anapewa maiki, anasema "mwanangu", halafu picha inavunjika viboksi viboksi vya kijani, sauti inakwaruza, inaganda, ikirudi mzee ameshakaa watu wanapiga makofi. Nikachomeka ekstano ya pili. Pale pale, sekunde ile ile. Nikatafuta DVD yangu ya kopi, nimeikuta kabatini imeota ukungu, si mnajua hewa yetu ya pwani, haisomi kabisa.

Nilikaa usiku ule najiuliza imewezekanaje ekstano mbili tofauti ziharibike sehemu moja. Jibu nililipata baadaye na ndio sababu nimesimama hapa leo. Ekstano ya pili niliinunua 2017, nikakopi kila kitu kutoka ile ya kwanza, na ile ya kwanza wakati huo ilikuwa imeshaharibika hapo katikati. Kompyuta haikusema kitu. Mstari wa kijani ulijaa mpaka mwisho, ikasema imemaliza. Mimi nikadhani nimekopi send-off ya yule dada kumbe nimekopi na ubovu wake.

Sasa hapo ndipo pa kusimama kidogo. Sisi tumefundishwa bakapu, bakapu, bakapu, na bakapu ni kitu kizuri, sitaki mtu atoke hapa aseme nimekataza bakapu. Lakini bakapu haijui kama kitu kilicho ndani ni kizima. Ukiwa na kopi mbili na zinatofautiana, ipi ni ya kweli? Huwezi kujua kwa kuziangalia. Na zikifanana pia huna uhakika, zangu zilifanana na zote zilikuwa mbovu.

Faili linaharibikaje likiwa limekaa tu? Njia ni nyingi. Sekta ya diski, yaani kijisehemu kinachoshika data, inachoka. Waya wa USB umelegea wakati unakopi. Umeme unakatika diski ikiwa katikati ya kuandika. Ram ya kompyuta, ile kumbukumbu yake ya muda, ina kasoro ndogo, inageuza biti moja tu, ile sifuri au moja ambayo kila faili limejengwa nayo, sifuri inakuwa moja, na faili linapita humo linatoka limebadilika. Flashi iliyokaa miaka kwenye droo bila umeme chaji yake inapungua polepole. Na kwetu sisi watu wa video biti moja sio kitu kidogo, maana video imebanwa, fremu nyingi hazina picha kamili, zina maelezo tu ya kipi kimebadilika kutoka fremu iliyopita, kwa hiyo ikiharibika moja zinazofuata zote zinajenga juu ya uongo mpaka ifike fremu kamili nyingine. Ndio vile viboksi vya kijani. Na ikitokea uharibifu umegonga ile sehemu ya faili la video la MP4 inayoshika orodha ya fremu zote ziko wapi, faili zima halifunguki, hata kama asilimia 99 ya picha ziko salama humo ndani.

Dawa ipo, ni ya zamani sana, na mnaitumia kila siku bila kujua. Nitaieleza kwa kikoba.

Chukua daftari la kikoba cha akina mama watatu. Wa kwanza ametoa 20,000, wa pili 15,000, wa tatu 30,000. Chini katibu anaandika jumla, 65,000. Daftari likamwagikiwa chai, jina la pili halisomeki. Kuna haja ya kugombana? Unachukua 65,000 unatoa 20,000 na 30,000, unapata 15,000 yake. Ile jumla ni namba moja ya ziada, na imeweza kurudisha mstari wowote mmoja uliofutika, wowote ule, huchagui mapema.

Ikifutika mistari miwili jumla moja haitoshi. Basi katibu mjanja anaandika jumla ya pili, lakini hii anaihesabu kwa namna yake, wa kwanza mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu. 20,000 na 30,000 na 90,000, inakuja 140,000. Sasa futa wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Umebaki na wa tatu, 30,000, na zile jumla mbili. Jumla ya kwanza inakwambia hao wawili kwa pamoja ni 35,000. Ya pili, ukitoa 90,000 za wa tatu, inakwambia wa kwanza na wa pili mara mbili ni 50,000. Toa 35 kwenye 50, wa pili ni 15,000, kwa hiyo wa kwanza ni 20,000. Vimerudi vyote.

Na kuna kitu kingine humo humo ambacho siku ya kwanza nimekielewa nilisimama kwenye kiti. Chukua daftari ambalo halijafutika kitu, ila kuna mtu amebadilisha namba moja na hujui ni ipi. Tuseme wa pili sasa inasomeka 25,000. Ukijumlisha unapata 75,000 badala ya 65,000, imezidi 10,000. Ukihesabu ile jumla ya katibu mjanja unapata 160,000 badala ya 140,000, imezidi 20,000. Gawa 20,000 kwa 10,000, unapata mbili. Mstari wa pili! Daftari lenyewe limekuonyesha mstari ulioharibika na kiasi ulichozidi, hujamuuliza mtu. Ila angalieni bei yake, jumla zile zile mbili zinarudisha mistari miwili ukijua ipi imefutika, lakini usipojua kosa liko wapi zinarekebisha mmoja tu. Mkumbuke hilo, tutalirudia.

Hii ndio akili yote. Mwanahesabu Richard Hamming alikuwa maabara za Bell Labs kule Marekani miaka ya 1940, mashine ya hesabu aliyokuwa anaiachia kazi wikiendi ilikuwa ikigundua kosa inaitupa kazi yake na kwenda ya mtu mwingine, Jumatatu anakuta hamna kitu. Akawaza, kama mashine inajua kuna kosa kwa nini isijue liko wapi ilirekebishe yenyewe. Akatoa maandishi yake 1950. Halafu 1960 wakaja Irving Reed na Gustave Solomon, wakiwa maabara ya Lincoln ya MIT, wakaandika karatasi fupi ya kurasa tano hivi ambayo mpaka leo dunia inaitumia, zile jumla za katibu mjanja kwa idadi yoyote unayotaka, ukitaka jumla kumi unapata kumi, na kumi zinarudisha vipande vyovyote kumi. Na kwa wale wanaowaza kwamba 140,000 ni kubwa kuliko 65,000 sasa jumla zitakua mpaka wapi, hapana, wao wanatumia hesabu inayozunguka ndani ya idadi maalumu ya namba, kama saa inavyofika 12 ikarudi 1, kwa hiyo kipande cha akiba hakizidi ukubwa wa kipande cha kawaida hata siku moja.

Chombo cha anga Voyager 2 kilipopita sayari za Uranus 1986 na Neptune 1989 picha zake zilikuja zimelindwa na hesabu hiyo. Sidii za muziki zilizotoka 1982 pia, kila baiti 24 za muziki (baiti ni biti nane) zinaandikwa 32, hizo nane ni akiba, na baiti zinatawanywa ili mkwaruzo mmoja usizoe baiti za jirani zote, unachukua moja huku moja kule, kwa hiyo mkwaruzo wa kama milimita 2.5 kufuata mstari unarekebishwa usisikie kitu. Na karibu zaidi, ile QR kodi iliyobandikwa dukani kwa mangi unayolipia kwa simu, imechubuka, kona ina mafuta ya taa, na bado simu inasoma. Wajapani wa Denso Wave waliitengeneza 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari na wakaweka hesabu ya Reed na Solomon ndani, daraja la chini inavumilia kuharibika kama asilimia 7, la juu kabisa asilimia 30.

Kwa hiyo nikajiuliza, stika ya dukani ina ulinzi huu, nasaha za baba wa watu hazina?

Na kuna jambo hapa. Watu wa mawasiliano ukiwa hujasikia unasema rudia, mwenzako anarudia. Lakini faili ulilohifadhi ni ujumbe unaojitumia wewe mwenyewe wa miaka kumi ijayo, siwezi kumpigia simu mimi wa 2014 nikamwambia tuma tena pale mzee alipoongea. Lazima akiba iwekwe mwanzoni, wakati faili bado ni zima. Ukisubiri liharibike umechelewa, hakuna programu ya kurudisha kisichokuwepo.

Programu ninayotumia mimi inaitwa PAR2. Ni ya bure kabisa. Ilianzia kwa watu wa Usenet, mtandao wa zamani wa majadiliano, waliokuwa wanatumiana mafaili makubwa vipande vipande na vipande vingine vinapotea njiani, Par ya kwanza ni ya 2001, halafu PAR2 ikaja kuirithi. Kwenye Windows tumieni MultiPar, ina madirisha na vitufe, hamna shida. Kwenye Linux na Mac kuna par2 ya komandi, na komandi zenyewe ni tatu tu:

par2 create -r10 harusi.par2 *.mp4
par2 verify harusi.par2
par2 repair harusi.par2

Ya kwanza inatengeneza akiba ya asilimia 10, yaani kazi ya giga 100 inakula kama giga 10 za ziada. Ya pili inakagua. Ya tatu inatibu. Inachofanya, inakata mafaili yako vipande, kawaida 2,000 usipoiambia vingine na mwisho wake ni 32,768, kila kipande inakiwekea alama yake ya kukitambua, halafu inatengeneza vipande vya akiba. Zile alama ndio zinaiambia kipande gani kimeharibika, na hapa kumbukeni kikoba, ukijua palipofutika kila jumla inarudisha mstari mzima, kwa hiyo vipande 200 vya akiba vinarudisha vipande vibovu 200, vyovyote, popote.

Siku ile niliwaonyesha kwenye skrini. Nikachukua video ya giga 4, nikaitengenezea akiba ya asilimia 10, tukaicheza wote tukaona nzima. Halafu kwa komandi moja nikaandika sifuri katikati ya faili, mega 80, mtu wa mbele akashika kichwa. Tukaicheza ikaganda. Nikaikagua, ikasema vipande 41 vimeharibika, akiba viko 200, inawezekana kurekebishwa. Nikairuhusu. Tulisubiri kidogo, ikamaliza, tukaicheza tena, nzima, na sio nzima ya kukaribiana, ni ile ile biti kwa biti. Hesabu inarudisha namba halisi, haikisii kama zile programu za kulainisha picha.

Sasa mipaka yake, na hapa nisikilizeni vizuri maana sitaki mtu aje aniambie nilimdanganya.

Ekstano ikianguka ikafa yote, na akiba ilikuwa humo humo, imekufa nayo. Ikiibiwa ni hivyo hivyo. Virusi vikifunga mafaili yote vinafunga na ya par2. Kwa hiyo kopi kwenye diski nyingine na sehemu nyingine bado ni lazima, PAR2 inakaa juu ya bakapu, haichukui nafasi yake. Mimi sasa ninafanya kopi mbili na zote mbili zina akiba ndani, na utamu wake ni kwamba hata zote mbili zikiharibika kidogo kidogo unaweza kukusanya vipande vizima kutoka huku na kule, programu inajua kuvitambua.

Pili, usiitumie kwa kazi ambayo bado unaiediti. Ukibadilisha faili makusudi, yenyewe inaona limeharibika, na ukiiambia itibu itakurudishia la zamani. Ni kwa kazi iliyoisha na kufungwa, na mafaili ghafi ya kamera.

Tatu, ukubwa wa kipande. Biti moja ikiharibika kipande kizima kinahesabika kibovu. Faili la giga 4 likikatwa 2,000 kila kipande ni mega 2. Ukiwa na akiba 100 na uharibifu umetawanyika biti moja moja kwenye vipande 101, umekwama, japo ukijumlisha vilivyoharibika kweli hata herufi za jina lako hazifiki. Kwa hiyo folda kubwa ongeza idadi ya vipande, ila ujue mashine itafanya kazi zaidi, na kwa giga mia kwenye laptopu ya zamani ni ya kuacha usiku ikahesabu. Mimi naiwasha nikienda kulala.

Na nne, zile flashi zinazouzwa bei ya chai zimeandikwa tera 2. Nyingi ndani ni giga chache tu, zimedanganywa ziseme zina tera 2, ukijaza kupita uwezo wake inaandika juu ya vya zamani au inatupa. Hapo asilimia 10 haikusaidii, kilichopotea ni zaidi ya nusu. Ukinunua flashi au memori kadi mpya ijaze kwanza na programu ya kupima kama H2testw au F3 isome yote, ndio uiamini na harusi ya mtu.

Mama mmoja mwenye studio aliuliza, mbona kazi zake anaweka klaudi, yaani anazihifadhi mtandaoni kwenye mashine za kampuni, si wao wanajua la kufanya. Ndiyo wanajua, na wanatumia kitu hiki hiki. Kampuni ya klaudi ya Backblaze 2015 walieleza wazi walivyokuwa wanakata faili vipande 17 na kuongeza vitatu vya akiba, vyote 20 wakaviweka mashine 20 tofauti, zikifa tatu hakuna kilichopotea, na programu yao ya Reed-Solomon waliitoa bure mwaka huo huo. Lakini klaudi inalinda kile ulichoipa. Mimi ningepandisha send-off ile 2017 wangenitunzia viboksi vyangu vya kijani kwa uaminifu kabisa. Kwa hiyo mama yangu tengeneza akiba kwanza, halafu pandisha vyote pamoja.

Kijana mwingine aliuliza kukagua ni mara ngapi. Mimi nakagua mara mbili kwa mwaka, Januari kazi zikiwa chache na tena kipindi cha Kwaresima harusi zikipungua. Nimeandika kwa kalamu juu ya kila ekstano tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Tangu nianze, nimekuta mara tatu faili limeharibika bila mimi kujua, mara zote tatu limerudi. Moja ilikuwa ubatizo, moja mahafali, moja picha za msiba wa mzee mmoja kijijini kwetu ambazo hakuna mwingine anazo.

Yule dada nilimpa kilichobaki. Sauti ya "mwanangu" na watu wanapiga makofi. Alinishukuru, hakunilaumu hata kidogo, na mimi ndio maana nikaanza kusoma mambo haya.

Basi, hapa mezani nina laptopu mbili na flashi yenye MultiPar na par2 zote. Mliokuja na ekstano zenu leteni moja moja, tunaanza na kazi za zamani zaidi kwanza kwa sababu hizo zimekaa muda mrefu bila mtu kuziangalia. Wewe dada wa kitambaa cha njano, hiyo ya 2012 uliyosema, iko wapi?